Ndege Ndogo na Ijengwe Nyumbani

Katika Bonde la Yaeda, wilayani Mbulu, Wahadzabe wametengeneza mishale kwa vizazi vingi. Fundi huchagua ufito mwembamba, huupasha moto na kuunyoosha, kisha hufunga manyoya ya ndege upande wa nyuma. Hakuna aliyemfundisha kazi hiyo kwa ubao na chaki, lakini anajua vyema kwamba mshale usio na manyoya huyumba na kupinduka kabla ya kufika shabahani. Uzito na ukae mbele. Kinachoshika hewa na kikae nyuma. Kanuni hiyo fupi inafanya kazi pia katika ndege ya karatasi ya mtoto wa shule, na ndiyo sababu ndege kubwa ya abiria ina mkia.

Katika wilaya hiyohiyo iko Masieda, kata ya wakulima na wafugaji katika Mkoa wa Manyara. Yafaa kuuliza: je, kijana wa Masieda aliyemaliza kidato cha nne, mwenye kisu, gundi, vipande vya povu jeupe la kufungia runinga na mota ndogo ya umeme, aweza kubuni na kujenga ndege ya mfano inayoongozwa kwa redio? Jibu ni kwamba aweza. Swali la pili ni gumu zaidi: akifanya hivyo, atahesabiwa kuwa anajifunza au anacheza? Ingefaa ahesabiwe kuwa anajifunza. Ndege ya mfano iliyobuniwa na kujengwa nyumbani ni shule ya uhandisi, na taifa lenye vijana wengi na maabara chache halina sababu ya kuipuuza.

Chombo chenyewe

Ndege ya namna hii ina sehemu chache: bawa, kiwiliwili, mkia mlalo, mkia wima, na pangaboi la kuivuta mbele. Ndani yake hukaa betri, kipokezi cha redio, kidhibiti cha mwendo wa mota, na sevo mbili au zaidi. Sevo ni mota ndogo inayogeuka kwa pembe ileile iliyoamriwa na kusimama hapo; uzi wa chuma, hata spoku ya baiskeli, huiunganisha na kibapa kilichoko nyuma ya bawa au mkia. Mrushaji akisukuma kijiti katika kisambazaji alichoshika mkononi, kibapa huinuka au kushuka, hewa hupindishwa, na ndege hufuata.

Zamani vyombo hivi vilitumia masafa kama megahezi 27, na watu wawili waliotumia mkondo mmoja kwa wakati mmoja waliangushiana ndege. Siku hizi vingi hutumia megahezi 2,400, na kisambazaji hurukaruka kati ya mikondo kwa utaratibu unaojulikana na kipokezi chake peke yake. Wimbi la masafa hayo lina urefu wa sentimita 12 na nusu tu, na wimbi fupi kiasi hicho halipiti ndani ya kilima wala halikizunguki vyema. Kwa hiyo katika nchi ya milima kama Mbulu, sharti la kwanza la mrushaji ni kutoipoteza ndege machoni. Sharti la pili ni kukiagiza kipokezi mapema kwamba, mawasiliano yakikatika, mota izimwe mara moja.

Waliotangulia

Wanaoiita kazi hii mchezo yafaa wakumbushwe historia. Mwaka 1878 Askofu Milton Wright wa Marekani aliwaletea wanawe wawili kidude cha kuruka kilichoundwa kwa kizibo, mianzi na karatasi, na kuendeshwa kwa mpira uliosokotwa. Kidude hicho kilitokana na kazi ya Mfaransa Alphonse Pénaud, ambaye mwaka 1871 alikuwa amerusha hadharani mjini Paris ndege ndogo ya mpira iliyojisawazisha yenyewe kwa mkia wake. Watoto wale, Wilbur na Orville, walikivunja, wakakiunda upya, wakaunda kikubwa zaidi. Tarehe 17 Desemba 1903 waliruka kwa ndege yenye injini. Baina ya kidude na ndege hiyo hawakwenda chuo kikuu; walikuwa na karakana ya baiskeli, na mwaka 1901 walijitengenezea sanduku la kupuliza upepo ili kupima mabawa madogo.

Mfano wa pili ni wa karibu zaidi na wakati huu. Agosti 2003 Maynard Hill, Mmarekani mwenye umri wa miaka 77 ambaye macho yake yalikuwa yamefifia sana, alirusha kutoka Newfoundland, Kanada, ndege ya mfano iliyojengwa kwa mti wa balsa na plastiki nyembamba. Uzito wake, pamoja na mafuta, ulikuwa chini ya kilo 5. Baada ya karibu saa 39 ilitua Ayalandi, ng'ambo ya Bahari ya Atlantiki, ikiwa imesafiri zaidi ya kilomita 3,000. Ndege kadhaa zilizoitangulia zilipotea, na kila iliyopotea iliacha somo kwa iliyofuata.

Tanzania imenunua, haijajenga

Tanzania si ngeni katika matumizi ya ndege ndogo zisizo na rubani. Mwaka 2015 mradi wa Ramani Huria, ambao Tume ya Sayansi na Teknolojia ilishiriki, ulitumia picha za angani kuchora ramani za mitaa ya Dar es Salaam inayokumbwa na mafuriko. Mwaka 2016 Zanzibar ilianza kuvipiga picha visiwa vyake kwa njia hiyohiyo. Mwaka 2018 ndege ndogo ilibeba dawa kutoka Mwanza hadi kisiwa cha Ukerewe, safari ya kilomita 60 juu ya maji, kwa muda wa takriban dakika 40.

Mafanikio hayo ni ya kweli, na vijana wa Kitanzania waliorusha vyombo hivyo na kuchora ramani walifanya kazi ya kusifiwa. Lakini chombo kilichotumika Zanzibar kilitengenezwa Uswisi, na kile cha Ukerewe kilitengenezwa Ujerumani. Linalostahili kuangaliwa zaidi ni kwamba chombo cha Zanzibar kilikuwa na kiwiliwili na bawa la povu, kikiwa na uzito wa chini ya kilo 1. Kwa umbo lake la nje ni ndugu wa ndege ya mfano. Thamani yake kubwa iko katika kamera, katika kifaa cha kuiongoza ndege bila mkono wa mtu, na katika programu ya kuunganisha picha. Bawa la povu si siri ya taifa lolote. Hata hivyo bawa hilo likivunjika, asiyejua kubuni bawa hana budi kuagiza jingine ng'ambo, akalipie na kusubiri.

Hapo ndipo penye hasara. Taifa linalonunua chombo kizima hupata kazi ya chombo, lakini halipati ujuzi wa kukirekebisha, kukibadilisha wala kukizidisha. Droni ya mapangaboi manne inayonunuliwa dukani imezidisha hali hiyo: hujisawazisha yenyewe kwa vipima mwendo, na mwenye kuishika hubonyeza tu. Anaweza kuirusha mwaka mzima asijue kwa nini haianguki. Ndege yenye bawa, iliyojengwa kwa mikono, haitoi nafasi hiyo. Kitovu cha uzito kikikaa nyuma mno, itaanguka ndani ya sekunde 3, na mwenye kuijenga atarudi nyumbani akiwa na swali.

Hesabu ya nyanda za juu

Iko sababu nyingine inayoifanya kazi hii istahili kufanywa Mbulu kwa ajili ya Mbulu. Ndege hushikiliwa na hewa, na hewa ya nyanda za juu ni nyepesi. Nguvu inayoinua bawa hutegemea uzito wa hewa, eneo la bawa, na mwendo uliozidishwa kwa mwendo. Katika kimo cha mita 1,800, siku yenye joto la nyuzi 22, meta moja ya ujazo ya hewa ina uzito wa takriban gramu 960. Pwani, penye joto la nyuzi 30, ujazo huohuo una takriban gramu 1,165. Upungufu ni kama asilimia 18.

Tuseme mwanafunzi amepata mchoro wa ndege yenye uzito wa kilo 1, bawa lake likiwa na urefu wa sentimita 125 na upana wa sentimita 20, yaani robo ya meta ya mraba. Kwa bawa la kawaida, ndege hiyo ikirushwa Tanga itahitaji mwendo wa takriban kilomita 28 kwa saa ili isidondoke. Katika kimo cha mita 1,800 itahitaji kilomita 31. Tofauti ya kilomita 3 yaonekana ndogo, lakini mkono wa mtu anayeirusha kwa kuitupa hauongezeki nguvu kwa sababu amepanda mlima, na pangaboi nalo huvuta kwa unyonge zaidi katika hewa nyepesi. Ndege iliyoruka vyema pwani itatupwa, itainama, na kuchimba udongo.

Mwanafunzi ana njia mbili. Apunguze uzito hadi karibu gramu 825, au arefushe bawa hadi sentimita 150. Njia ya kwanza inamlazimu achague betri ndogo na kukwangua kila gramu. Ya pili inamlazimu aliimarishe bawa kwa ufito wa mwanzi, kwa maana bawa refu hupindika. Kila njia ina gharama yake, na kuchagua kati ya gharama hizo ndiyo kazi halisi ya mhandisi. Hakuna mchoro ulioletwa kutoka nchi nyingine unaoweza kumfanyia hesabu hiyo. Hapo mwanafunzi huona kwa mara ya kwanza kwamba kanuni iliyoandikwa katika kitabu cha fizikia inahusu kijiji chake.

Jambo la kitovu cha uzito ni la namna hiyohiyo. Katika bawa lenye upana wa sentimita 20, kitovu hicho yafaa kiwe kati ya sentimita 5 na 6 na nusu kutoka ukingo wa mbele. Kipimo chake hakihitaji mashine: ndege huwekwa juu ya ncha za vidole viwili chini ya bawa, na betri husogezwa mbele au nyuma mpaka itulie. Kazi hiyo ya dakika moja imeokoa ndege nyingi kuliko mota yenye nguvu.

Kuanza pasipo fedha nyingi

Wako watakaosema, na wana haki ya kusema, kwamba shule zisizo na madawati ya kutosha haziwezi kununua mota na redio. Hoja hii ina uzito, lakini inafikiri kwamba kazi huanzia mwisho. Ndege ya kwanza haihitaji redio wala mota. Ni ndege ya kunyiririka, ya karatasi ngumu au povu, yenye kipande cha udongo puani, inayotupwa kwa mkono katika uwanja wa mpira. Darasa la watoto 40 laweza kujenga 40 kwa siku moja, likapima umbali kwa hatua, likabadilisha pembe ya mkia na kupima tena. Hilo ni jaribio la kisayansi kamili, na gharama yake ni ndogo.

Hatua ya pili ni ndege ya kunyiririka yenye redio na sevo mbili, pasipo mota. Hapa Mbulu ina utajiri ambao nchi tambarare hazina. Upepo unapougonga mteremko hulazimika kupanda, na ndege nyepesi inayokaa katika upepo huo unaopanda yaweza kubaki angani kwa muda mrefu bila nguvu nyingine. Tai na tumbusi wa kingo za Bonde la Ufa huishi kwa maarifa hayo. Kuzunguka mwaka 1970 mwanasayansi Colin Pennycuick aliruka juu ya Serengeti kwa ndege ya kunyiririka yenye injini ndogo, akifuatana na tumbusi ili kupima jinsi wanavyosafiri mbali kwa hewa ya moto inayopanda. Elimu aliyoipata angani, mchunga ng'ombe wa Manyara huiona kila adhuhuri akiinua macho. Kinachokosekana ni mtu wa kumwonyesha kwamba jambo analoliona lina hesabu yake.

Mota, pangaboi na betri huja katika hatua ya tatu tu, tena seti moja yaweza kutumiwa na kundi zima kwa kuhamishwa kutoka ndege moja hadi nyingine. Redio hudumu miaka mingi. Kinachovunjika ni povu, na povu huokotwa nyuma ya maduka.

Hatari na sheria

Hata hivyo haitakuwa haki kuificha hatari. Pangaboi dogo laweza kukata kidole. Betri ya lithiamu ikitobolewa au ikichajiwa kupita kiasi huwaka moto mkali. Yapasa ichajiwe mbele ya macho ya mtu, mbali na nyasi na mapazia. Ndege ya kilo 1 inayokwenda kilomita 50 kwa saa ikimpiga mtoto kichwani si mchezo tena. Uwanja mdogo wa ndege wa Haydom, ambako hospitali iliyoanzishwa mwaka 1955 hupokea ndege ndogo zinazohudumia wagonjwa, uko katika wilaya hiyohiyo ya Mbulu. Rubani anayekuja kumchukua mgonjwa hapaswi kukutana na bawa la mwanafunzi angani.

Yako pia mambo ya heshima. Ndege yenye kamera haina ruhusa ya kuchungulia maboma ya watu, na Wahadzabe, ambao wamekwisha kutazamwa na wageni kupita kiasi, wana haki ya anga tulivu juu ya kambi zao.

Kwa sababu hizo serikali ilikuwa na haki ilipotunga, mwaka 2018, kanuni za usafiri wa anga juu ya ndege zinazoongozwa kutoka mbali, zikiweka utaratibu wa usajili na vibali chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Hifadhi za taifa nazo haziruhusu urushaji bila kibali maalumu. Lakini utaratibu uliofikiriwa kwa ajili ya kampuni ya upimaji ardhi ni mzigo mzito kwa mwalimu wa fizikia wa sekondari ya kata. Mwalimu akiona foleni ya fomu mbele yake ataiacha kazi, na kijana mwenye hamu zaidi ataifanya kwa siri, peke yake, pasipo mtu wa kumwambia habari za betri na uwanja wa ndege. Sheria inayokusudia usalama ingekuwa imezaa hatari.

Lipo suluhisho la wastani. Mamlaka, Tume ya Sayansi na Teknolojia na halmashauri za wilaya zaweza kukubaliana juu ya viwanja vichache vya mafunzo vilivyopimwa na kuandikishwa, mbali na njia za ndege na makazi. Kibali kitolewe kwa shule badala ya kutolewa kwa kila mwanafunzi. Uzito usizidi kilo 1 na nusu, kimo kiwekewe kikomo, ndege isitoke machoni, na kamera isifungwe mpaka mwalimu aombe ruhusa ya pekee. Masharti manne ya namna hiyo yaweza kuandikwa katika ukurasa mmoja na kubandikwa ukutani mwa karakana.

Kinachosubiri

Tarehe 3 Desemba 2023 tope, mawe na magogo vilishuka kutoka Mlima Hanang na kuufunika mji wa Katesh na vijiji vya jirani. Watu zaidi ya 80 walikufa. Hakuna mwenye akili atakayedai kwamba ndege ya povu ingeuzuia mlima usiporomoke. Lakini miteremko ya Hanang na ya Mbulu ingali ipo, mvua zitarudi, na mabadiliko ya korongo au ufa katika ardhi huonekana vyema zaidi kwa picha zinazopigwa kutoka juu mwaka baada ya mwaka, mahali palepale. Kazi hiyo ya subira haiwezi kungojea mgeni aje na chombo chake kwa wiki mbili na kuondoka nacho. Yataka mtu anayeishi hapo, ambaye bawa lake likivunjika Jumatatu ataliunga Jumanne.

Mtu huyo hataletwa na meli. Kama atakuwapo, sasa yuko darasani katika kata fulani kama Masieda, na huenda ameshika kipande cha povu ambacho mwenzake amekitupa. Mwalimu wake ana mambo mawili ya kuchagua: amnyang'anye kwa sababu anachezea takataka, au amwulize uzito wa kipande hicho, na kitovu chake kiko wapi.